Matundu Kumi na Manne

Jiwe la kwanza lilianguka siku ya soko, na aliyeliona ni mama mmoja aliyekuwa akifua nguo chini ya daraja. Alisema halikutoa kishindo. Liliteleza tu kutoka tumboni mwa tao likatumbukia majini, hatua tatu kutoka aliposimama. Alikusanya nguo zake mbichi, akapanda ukingo, akawaambia watu wa dukani. Wa dukani wakampigia mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akapiga ofisini kwetu Mbeya, na kufikia saa nane mchana bosi wangu alikuwa amesimama mlangoni kwangu.

"Wewe si mtu wa Tukuyu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi nenda kalitazame. Kama halifai, lifunge. Usingoje simu yangu."

Sikumwambia mengine. Sikumwambia kwamba baba yangu mzazi ndiye aliyelikarabati daraja hilo nilipokuwa darasa la tatu, na kwamba hadi leo wapo watu wasiojua jina lake ila wanamwita fundi wa daraja. Nilichukua kofia ngumu, futi ya kamba na daftari, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nafungua daftari na kulifunga, na hakuna nilichoandika.

Mimi ni fundi sanifu wa barabara. Siku nyingi kazi yangu ni mitaro na makalavati. Madaraja ya mawe tulifundishwa chuoni kwa ukurasa mmoja, tena mwisho wa muhula, mwalimu mwenyewe akiwa amekwisha kuchoka. Mengine niliyojua niliyajua kwa baba. Babu yangu alikuja Tukuyu kutoka pwani akiwa mwashi, akamrithisha baba uashi, na baba angenirithisha mimi kama mama asingesimama katikati akasema mtoto wake wa kike hapandi jukwaani. Kwa hiyo nikaenda chuo, nikawa mtu wa kuchora kwenye karatasi vitu ambavyo baba alivijenga kwa macho.

Jioni ile nilifikia kwake, nyumbani kwetu nyuma ya soko, ambako sasa anaishi peke yake. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Limeangusha jiwe?" akaniuliza hata kabla sijaweka begi chini.

"Moja tu, baba."

"La wapi?"

"Bado sijaliona. Naenda kesho."

"Haliwezi kuwa la tao," akasema. "Tao nililiziba mwenyewe, kiungo kwa kiungo. Litakuwa la ukingo. Malori yanagonga ukingo kila siku."

Nilikula nimesimama. Aliniambia nikae, nikakaa, kisha nikasimama tena kwenda kuchukua chumvi ambayo sikuihitaji.

Ile kazi yake naikumbuka vizuri. Alikaa kule wiki sita, na Jumamosi mimi na mama tulimpelekea chakula. Tulimkuta juu ya jukwaa la mianzi chini ya tao, uso umejaa vumbi, akikwangua chokaa ya zamani na kuziba kwa saruji. Alikuwa na mkono mzuri. Mistari ya saruji kati ya mawe meusi ilinyooka kama ya daftari. Kazi ilipokwisha wanakijiji walitoa ng'ombe, na kwa kuwa walijua baba ni Mwislamu wakamwachia achinje mwenyewe ili kila mtu ale. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwona baba yangu amesimama katikati ya watu zaidi ya mia, wote wakitaka kumshika mkono.

Asubuhi nilikodi pikipiki hadi upande wa chini wa Kyimo, ambako barabara ya changarawe inashuka katikati ya migomba na chai mpaka mtoni. Daraja lenyewe ni dogo kuliko sifa zake. Ni tao moja tu la mawe meusi ya volkano, limeruka mto kutoka mwamba wa huku hadi mwamba wa kule. Gari moja likipita, la pili linasubiri. Wazee wengine wanasema lilijengwa na Wajerumani, wengine wanasema ni baada yao, na sijapata kuona karatasi inayomaliza ubishi huo. Ila waliolijenga waliijua kazi. Kila jiwe la tao limechongwa likawa pana juu na jembamba chini, kwa hiyo mzigo unapopita mawe yanazidi kubanana. Hakuna nondo ndani yake. Juu ya tao, kati ya kuta mbili za kando, kumejazwa kifusi cha udongo na kokoto, na juu ya kifusi ndipo barabara inapopita.

Nilivua viatu nikaingia majini, maji ya baridi yakanifika magotini. Pengo la jiwe lililoanguka nililiona mara moja. Kisha nikauona ufa. Ulianza karibu na mwamba, umbali wa mkono mmoja kutoka ukingo wa tao, ukaenda sambamba na barabara hadi ng'ambo. Nilipanda juu ya mwamba nikaingiza vidole vinne. Vikaingia vyote. Ukuta wote wa kando, upande mto unakotoka, ulikuwa ukijitenga na daraja na kuelekea nje.

Nilipima. Nikapima tena. Mara ya tatu nikaandika kipimo daftarini. Nikapanda juu na kuwaomba waendesha bodaboda wawili wanisaidie kupanga mawe makubwa na matawi barabarani. Saa nne asubuhi daraja lilikuwa limefungwa kwa magari.

Saa nne na nusu lori la chai lilifika.

Asiyelima chai huenda asielewe ile ilikuwa na maana gani. Majani mabichi hayawekwi akiba. Yakilala kwenye viroba yanapata joto, yanageuka rangi, na kiwandani yanakataliwa. Wakulima wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuchuma tangu alfajiri, wanangoja lori kwenye kibanda cha kupimia. Dereva alishuka, akatazama mawe yangu, akanitazama mimi, akarudi kukaa kwenye usukani na kuzima injini. Hakunitukana. Watu wa ng'ambo walianza kuvuka kwa miguu kuja kuona kuna nini, na mbele yao alikuwa bibi mmoja mwenye kikapu mgongoni, mfupi, akitembea kasi kuliko wote.

"Shikamoo bibi."

"Wewe ndiye unafunga balabala?" Marahaba hakunipa.

"Bibi, daraja lina ufa. Lori likipita linaweza kuanguka nalo."

"Ufa mimi nimeuona kabla yako. Una miaka mingi. Wewe umeuona leo kwa sababu umetumwa."

Watu wakacheka. Mimi pia ningecheka kama ningekuwa upande wao. Nikamuuliza uliuona lini, bibi. Alifikiri, akatua kikapu.

"Zamani daraja hili lilikuwa linakojoa," akasema. "Kila mvua. Ukipita chini unalowa kichwa. Akaja yule fundi akalipaka saruji, likaacha kukojoa. Tukafurahi. Halafu baada ya masika mawili, matatu, ufa ukaanza, mdogo kama unywele. Sasa niambie, majani yangu yanavukaje?"

Siku ile na siku zilizofuata majani yalivuka kichwani na mgongoni, kiroba kwa kiroba, wanawake na wanaume wakipanda na kushuka kwa mstari mrefu, na lori likiwasubiri upande wa Kyimo. Mvua iliponyesha walivuka kwenye mvua. Mengine yaliharibika. Nilikuwa nikiwasikia kutoka chini ya tao, miguu tu, nikashindwa kufanya kazi kwa sababu kila mguu uliopita nilihisi unanikanyaga mimi.

Maneno ya bibi hayakunitoka. Siku ya tatu nilifunga ngazi mbili pamoja nikapanda hadi kwenye ukuta wa kando. Pale chini, karibu na tao linapoanzia, kulikuwa na alama za mviringo za saruji, kila moja ukubwa wa sahani ya chai, zimepakwa vizuri mno hivi kwamba mwanzoni nilizipita bila kuzitilia maanani. Nilihesabu kumi na mbili, upande huu na ule. Nikaweka tindo katikati ya mojawapo nikapiga nyundo.

Pigo la nne saruji ilipasuka na maji yakanirukia usoni. Yalikuwa ya kahawia, yananuka udongo uliofungiwa. Nilishuka ngazi nusura nianguke. Nilisimama mtoni nikiyatazama yakitoka, nikidhani yataisha, lakini yalitoka hadi nguo zangu zikanikaukia mwilini.

Wajenzi wa kwanza waliacha matundu. Huku kwetu mvua hainyeshi kwa msimu tu, inanyesha karibu mwaka mzima, na walijua kwamba maji yataingia kwenye kifusi kwa vyovyote, kwa hiyo wakayapa njia ya kutoka. Viungo vya chokaa navyo vilikuwa vikipitisha unyevu kidogo kidogo. Kule kukojoa ndiko kulikokuwa uzima wa daraja. Baba alipoziba viungo kwa saruji na kuziba matundu, maji yalibaki ndani. Yakaloanisha kifusi, kifusi kikawa kizito, kikausukuma ukuta nje. Yakaila chokaa ya zamani nyuma ya ile mistari mizuri ya saruji. Nilichokonoa kiungo kimoja kwa ufito wa chuma: saruji ilikuwa na unene wa vidole viwili, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Ufito uliingia hadi ngumi yangu ikagusa jiwe.

Nilikaa juu ya mwamba. Nilitaka kumpigia mtu simu na sikumjua wa kumpigia.

Jioni baba aliniuliza, "Umegundua nini?"

"Mvua tu, baba. Daraja limezeeka."

"Nilijua," akasema, akanimiminia chai.

Siku nne nilimdanganya hivyo. Nilikuwa natoka nyumbani kabla hajamaliza swala ya asubuhi na kurudi nimechelewa makusudi. Nilizunguka sokoni Tukuyu nikanunua vitu bila mpango: vitunguu wakati nyumbani vipo, kamba, kioo kidogo cha kujitazamia. Muuza maparachichi mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu, kwa sababu nimepita mbele ya meza yake mara nne. Nikikaa naona matundu. Nikisimama naona mistari ile ya saruji, na baba juu ya jukwaa, na mimi nimebeba sufuria ya chakula nikijisikia fahari.

Ripoti niliituma. Mahali palipoandikwa chanzo niliandika: hakijafahamika.

Bosi akapiga siku hiyo hiyo. "Chanzo hakijafahamika maana yake nini? Umekaa huko wiki nzima."

"Naendelea kuchunguza."

"Sikiliza. Kama hatujui kinacholiua, siwezi kuruhusu mtu alitengeneze. Nitapendekeza livunjwe, tuweke kalavati la zege. Mashine zipo Mbeya, zinaweza kufika wiki ijayo."

"Nipe siku mbili."

"Za nini?"

"Nipe tu, bosi."

Nilipokata simu nilikuwa nimekwisha kutembea kutoka darajani hadi kwenye kilima cha duka bila kujua. Nikapanda pikipiki ya kwanza iliyopita nikarudi Tukuyu.

Baba alikuwa barazani, ndiyo kwanza ametoka kuswali alasiri, amekaa kwenye mkeka na kofia yake magotini. Nilikaa mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea, nikasema moja kwa moja.

"Baba, ni yale matundu. Maji yamekosa njia. Matundu na saruji ndivyo vinavyolivunja."

Muazini alikuwa akizungumza na mtu barabarani, nikawasikiliza wao.

"Umeyakuta mangapi?" akauliza hatimaye.

"Kumi na mawili."

"Ni kumi na manne."

Nikamtazama. Alikuwa akiikunja kofia yake na kuikunjua.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Basi kwa nini umekuja kuniambia mimi?" Sauti yake ilipanda. "Si ungekaa nalo? Mimi nina miaka mingapi ya kuishi? Umesomeshwa kwa mikono hii, leo unakuja kunipimia kazi yangu?"

"Nisipoandika ukweli watalivunja, baba. Mashine zinakuja wiki ijayo. Nikiandika, linaweza kutengenezwa."

"Andika basi. Andika na jina langu."

Akaingia ndani akafunga mlango. Chakula nilichopika hakukigusa. Niliiandika ripoti upya mezani, nikaifuta, nikaiandika tena. Jina lake sikuliandika. Niliandika kwamba katika matengenezo yaliyopita matundu ya kutolea maji yalizibwa. Nikaituma kabla sijabadili mawazo.

Kesho yake nilimkuta sebuleni amevaa buti zake za kazi. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa zana ambao sikuwa nimeuona miaka mingi: mwiko, timazi, pima maji yenye kioo kilichopasuka.

"Twende," akasema.

"Baba, kule ni kuteremka mtoni. Mgongo wako..."

"Nimesema twende."

Tulikodi bajaji. Tulipofika, wakulima walikuwa katikati ya kuvusha majani, na mvua ndogo ilikuwa ikinyesha. Alisimama juu akaitazama ile mistari ya watu waliobeba viroba. Kisha akanipa mkono, tukashuka pole pole, mimi mbele, yeye akinishika bega, hadi chini ya tao.

Hakuhitaji kutafuta. Alikwenda kwenye pembe ambapo tao linakutana na mwamba, upande wa Kyimo, akapangusa ukoga kwa kiganja, akagonga kwa mpini wa nyundo. "Hapa." Kisha akaonyesha kwa mkono upande wa pili, mahali pale pale. "Na pale. Haya ndiyo makubwa. Yanatoa maji ya katikati."

Nilipiga tindo mimi, yeye ameishika ngazi. Tundu lile lilipofunguka lilitoa sauti kama ya mtu anayekohoa, kisha maji yakaja kwa nguvu, mazito, na kokoto ndani yake. Watu wa juu waliyasikia. Viroba vikatuliwa, wakaanza kushuka kutazama.

"Msimamizi wa kazi alitaka daraja kavu," baba akaniambia, akiyatazama maji. "Alisema mgeni mkubwa anakuja kulifungua, haiwezekani maji yamdondokee. Mimi nilijua. Marehemu babu yako aliniambia tangu nikiwa mdogo, ukuta wa mawe uachie njia ya maji. Nikasema moyoni, nitayaziba, na mgeni akiondoka nitarudi kuyazibua. Mgeni akaja, akaondoka. Wakachinja ng'ombe. Watu wakafurahi sana. Nikarudi nyumbani."

"Hukurudi tena?"

"Nilirudi mara nyingi. Nilikuja kutazama jinsi lilivyopendeza."

Yule bibi alikuwa amefika majini, sketi ameikunja magotini. Alimsogelea baba, akamwita kwa lugha ya huku.

"Gwe, si wewe yule fundi?"

"Ni mimi," baba akasema. Akageuka kwa watu wote, akapaza sauti ili wa juu nao wasikie. "Ni mimi niliyaziba haya matundu. Nilijua si sawa, nikayaziba. Huyu binti yangu hana kosa. Ninyi mnabeba majani kichwani kwa ajili yangu."

Sikuwa nimemtegemea aseme hivyo. Nilitamani nimzibe mdomo. Mwanamume mmoja wa makamo akasema kwa hasira kwamba yeye viroba vyake vitatu vimeoza wiki ile, atamrudishia nani? Mwingine akamwambia anyamaze, amheshimu mzee. Yule wa kwanza akasema heshima hailiwi, akapanda zake. Baba alisimama akayapokea yote, kichwa kimeinama, mkono wake mmoja umeegemea jiwe.

Bibi ndiye aliyemaliza. "Sasa umekuja kuongea au umekuja kuzibua?"

"Kuzibua," baba akasema.

"Haya, zibua."

Matundu yote kumi na manne yalikuwa wazi kufikia mchana. Bosi alikuja mwenyewe baada ya siku tatu, akaingia majini na suruali yake ya ofisini, akautia mkono kwenye ufa kama nilivyofanya mimi. Alisema maneno machache. Aliruhusu matengenezo kwa sharti kwamba malori hayatapita tena juu yake hata likipona, yatazunguka njia ndefu mpaka lijengwe daraja jipya chini zaidi. Hakuniuliza aliyeyaziba ni nani. Nafikiri alikwisha kuambiwa.

Kazi ilichukua miezi miwili na zaidi. Tuliondoa kifusi kilicholowa, tukauvuta ukuta kwa minyororo, tukatia kifusi kikavu chenye mawe. Saruji yote ya viungo ilikwanguliwa. Baba alikataa tuzibe upya kwa kitu kingine ila chokaa. Tuliileta kutoka upande wa Songwe, tukaiozesha kwenye shimo la maji mpaka ikalainika kama uji, kisha tukaichanganya na ule mchanga mweusi wa volkano unaochimbwa huku huku, ambao huifanya ikaze hata kwenye unyevu. Mafundi wawili tuliowachukua walikuwa watu wa saruji maisha yao yote. Walimwona mzee anawarudisha nyuma.

Alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni, mwavuli mkononi, akiwaelekeza. Siku moja nilimwona anasimama bila msaada, anatembea hadi kwenye kiungo kilichozibwa asubuhi, anakibonyeza kwa msumari.

"Umetia saruji humu," akamwambia fundi mmoja.

"Kidogo tu, mzee. Ili ishike haraka."

"Toa."

"Mzee, kidogo hivi hakuna..."

"Kijana wangu, mimi nilitia kidogo hivi kila kiungo. Toa chote."

Fundi alitoa. Ilimchukua siku nzima, na baba alikaa pale pale akimtazama, bila hasira, mpaka alipomaliza.

Masika yalipoanza kifua kikambana baba, daktari akamkataza baridi ya mtoni. Niliimalizia kazi bila yeye. Kila jioni nikirudi aliniuliza swali moja, "Yanatoka?" Nami nikimjibu, "Yanatoka, baba," alikuwa akiegemea mto na kufumba macho. Siku tulipofungua hapakuwa na mgeni wala ng'ombe. Bodaboda ilipita, ikafuata gari ndogo iliyobeba mkaa, shughuli ikaishia hapo. Wakulima wa ng'ambo bado wanavusha majani yao kwa miguu na bodaboda hadi upande wa Kyimo, kwa sababu lori haliendi tena kwao, na daraja jipya bado ni michoro. Yule mwanamume wa viroba vitatu hanisalimii. Bibi ananisalimia, kisha ananiuliza lini.

Nami sijatulia. Nilirudi Mbeya, nikapewa kazi nyingine, lakini mvua ikipiga bati la ofisi napoteza hesabu ya kile ninachoandika. Tulibandika vipande vya kioo juu ya ufa uliozibwa, kimoja kila hatua mbili, kwa sababu tao likisogea hata kidogo kioo kitapasuka. Kila mwezi nakwenda kuvitazama. Hakuna aliyenituma.

Mwezi uliopita nilifika asubuhi nikakuta mawe ya kizuizi, tuliyoyapanga kubana njia malori yasipite, yamesukumwa pembeni na alama za matairi mapana kwenye tope, zimevuka hadi ng'ambo. Watu wa dukani waliniambia lori la mbao lilipita alfajiri, limejaa. Dereva alikuwa na haraka. Nilikimbia kuteremka mtoni, nikaangukia goti, nikaingia majini na viatu vyangu.

Nilianza upande wa Kyimo. Kioo cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Nilikwenda hivyo, nimeinua shingo, matone yananidondokea machoni, mpaka cha mwisho. Vyote vilikuwa vizima. Nilivirudia vyote mara ya pili nikivihesabu kwa kidole, nikihofia macho yamenidanganya. Nilisimama pale nikiwa sijui kama nifurahi kwamba limebeba, au nilie kwamba sasa dereva yule atawaambia wenzake linabeba. Matundu yalikuwa yakitiririka pande zote mbili. Nilipopata pumzi nikapanda juu, na bila kusubiri mtu wa kunisaidia nikaanza kuyarudisha mawe barabarani, moja moja.